Misimbo ya Mpima Ardhi, na Jinsi ya Kuitengeneza kwa Lahajedwali

Nilipokuja kuitembelea shule yetu muhula uliopita, Mwalimu wa Jiografia alinipeleka katika chumba cha kompyuta, nikawakuta vijana wa Kidato cha Tatu wakifundishwa lahajedwali. Walikuwa wakijumlisha bei za sukari na unga wa duka ambalo nadhani halipo popote duniani. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo kaka. Hivi kazini kwenu mambo haya yanatumika kweli, au ni ya mtihani tu?" Nikamjibu kwamba yanatumika kila siku, tena kwamba mimi mwenyewe nilikaribia kumpotezea bibi mmoja sehemu ya shamba lake kwa sababu ya lahajedwali. Papo hapo kengele ikalia, sikupata nafasi ya kueleza. Sasa Mhariri ameniomba nieleze katika gazeti hili, nami nashukuru.

Mimi ni msaidizi katika kazi ya upimaji wa ardhi. Bila shaka wazazi wengi wanaosoma gazeti hili wamewahi kutuona kazini: mtu mmoja ameinama nyuma ya darubini yenye miguu mitatu, na mwingine amesimama mbali ameshika fimbo yenye kioo. Siku hizi aghalabu humwona mtu mmoja tu, amebeba mti mrefu wenye kitu kama uyoga juu yake, nacho ni kipokezi cha setilaiti. Watu hudhani kwamba chombo kile kinapiga picha ya mashamba yao. Sivyo. Kila fimbo inaposimamishwa mahali, chombo huandika mstari mmoja wa namba, nao hufanana na huu:

214,9245906.513,352418.207,498.620,NJM

Namba ya kwanza, 214, ni jina la nukta iliyopimwa. Ya pili yaonyesha nukta iko wapi kwa upande wa kaskazini, kwa mita. Wanafunzi wenye macho makali watauliza, mita milioni tisa kutoka wapi? Katika mfumo tunaoutumia, uitwao UTM, ikweta yenyewe imepewa namba 10,000,000 kwa sisi tulio kusini mwake, ili tusilazimike kuandika namba hasi. Basi nukta hii iko kama kilomita 754 kusini mwa ikweta. Namba ya tatu ni ya upande wa mashariki, ambako mstari wa katikati wa kila ukanda umepewa 500,000. Katika ukanda wa 37 mstari huo ni wa nyuzi 39 mashariki, na kwa kuwa Morogoro iko magharibi yake, namba zake ni pungufu ya 500,000. Ya nne ni kimo kutoka usawa wa bahari.

Kwa namba hizo nne kompyuta yajua nukta 214 iko wapi, hata kwa kiasi cha sentimita chache. Lakini haijui nukta hiyo ni kitu gani. Ni mti? Ni nguzo ya umeme? Ni kona ya nyumba? Hapo ndipo zinapofanya kazi zile herufi tatu za mwisho, NJM. Hizo huitwa msimbo. Mpima huziandika mwenyewe akiwa bado amesimama juani, na katika ofisi yetu NJM maana yake ni njia ya miguu.

Zamani mpima alichora kitabuni kwa penseli sura ya mahali, akaandika pembeni "hapa njia, hapa mfereji", kisha mchoraji wa ofisini akakaa na kitabu kile siku nyingi akichora ramani kwa wino. Leo programu ya kuchorea ramani huisoma misimbo na kuchora yenyewe kwa dakika moja. Lakini lazima iwe na kamusi ya kuiambia kila msimbo una maana gani. Kamusi hiyo ndiyo faili la misimbo. Ukilifungua utaona mistari kama hii:

KSM,Kisima,MAJI,duara
MFR,Mfereji,MAJI,mstari wa buluu
NJM,Njia ya miguu,NJIA,nukta nukta

Neno la kwanza ni msimbo. La pili ni maelezo yake kwa ajili ya binadamu. La tatu ni tabaka, maana ramani ya kompyuta ni kama karatasi nyembamba zipitishazo nuru, zimewekwa moja juu ya nyingine: maji katika karatasi yake, njia katika karatasi yake, mipaka katika yake. La nne ni namna ya kuchorwa. Nimelirahisisha faili kidogo. La kweli huwa na mambo mengi zaidi, kama rangi, unene wa mstari na ukubwa wa herufi, lakini umbo lake ni hilo hilo.

Kwa hiyo faili la misimbo ni mapatano kati ya mtu aliye shambani na mashine iliyo ofisini. Mtu wa shambani husema "NJM" akiamini kwamba mashine itaelewa "njia". Kama mapatano yamevunjika katikati, mashine haitasema lolote. Itachora tu.

Sasa, faili la ofisi moja laweza kuwa na misimbo zaidi ya mia, na mengine yana mamia kadhaa. Programu nyingi za upimaji zina dirisha la kusahihisha msimbo mmoja mmoja: unafungua, unachagua tabaka, unachagua rangi, unafunga, unafungua mwingine. Fikirini mkuu wa ofisi akisema kwamba kuanzia leo misimbo yote ya maji, ambayo ni 40, ihamie tabaka jipya. Kwa dirisha lile ni kazi ya asubuhi nzima, na ufikapo msimbo wa ishirini na tano macho yamechoka, kosa linaingia. Kwa lahajedwali unaandika jina la tabaka jipya mara moja, unaliburuta kwenda chini, kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Lahajedwali la kwanza kuenea kwa watu wa kawaida liliitwa VisiCalc, nalo lilitolewa mwaka 1979 na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alichoshwa na kufuta na kuandika upya hesabu ndefu kila namba moja ilipobadilika. Excel, ambalo ndilo mnalolitumia hapo shuleni, lilitokea mwaka 1985. Nalitaja hili kwa sababu moja: vyombo hivi vilizaliwa kwa ajili ya watu wa fedha. Mtu wa fedha akiandika 007 anataka kusema saba. Akiandika 3-4 huenda anataka kusema tarehe. Lahajedwali limelelewa katika nyumba hiyo, na mpaka leo lina desturi za nyumba hiyo. Mpima ardhi ni mgeni ndani yake.

Kabla ya kueleza desturi hizo, nitimize ahadi yangu juu ya yule bibi.

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini tulikwenda kupima mashamba ya kijiji kimoja cha mkoa wa Morogoro, ili wananchi wapate hati za hakimiliki ya kimila kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Katika viwanja vya mjini mpaka huonyeshwa kwa mawe. Kijijini mipaka mingine ni ya makubaliano tu: mstari wa minyaa, au mti uliopandwa na babu wa mtu. Mkuu wetu, ambaye sisi vijana humwita Mzee, aliniambia niongeze misimbo mitano katika faili letu kwa ajili ya kazi hiyo. Nikaiandika mwishoni: KSM ya kisima, MFR ya mfereji, NJM ya njia ya miguu, MPN ya mpaka wa makubaliano, na UZO ya uzio wa michongoma. Kila mmoja nikaupa maelezo yake, tabaka lake na namna yake ya kuchorwa. Mpaka hapo sikukosea neno.

Mzee hupenda orodha zifuate alfabeti. Nikaona NJM imetangulia MPN. Nikaziteua seli tano za safu ya kwanza, nikabonyeza kitufe cha kupanga. Lahajedwali likaniuliza swali kwa Kiingereza: je, nataka safu za jirani ziende pamoja na hii, au niendelee na nilichokiteua tu? Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na gari la kwenda mjini lilikuwa linapiga honi. Nikachagua kuendelea. MPN ikapanda, NJM ikashuka, na maneno yaliyokuwa kando yao hayakutikisika. Faili likawa hivi:

KSM,Kisima,MAJI,duara
MFR,Mfereji,MAJI,mstari wa buluu
MPN,Njia ya miguu,NJIA,nukta nukta
NJM,Mpaka wa makubaliano,MIPAKA,mstari mweusi mnene
UZO,Uzio wa michongoma,UZIO,mstari wa kijani

Msomaji aitazame vizuri mistari ya tatu na ya nne. Kama mambo yote yangevurugika, miembe ikachorwa kama nguzo na visima kama nyumba, hata mtoto angetambua. Lakini visima vilikuwa visima, mifereji ilikuwa mifereji, mawe yote ya mpaka yalikuwa mahali pake. Ilitoka ramani nzuri sana. Niliitazama kwa majivuno.

Ramani ilibandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji ili wananchi waitazame na kusema kama kuna kosa kabla ya hati kutengenezwa. Siku ya pili alikuja bibi mmoja mwenye shamba la kama eka tatu linaloteremka hadi mtoni. Hakujua kusoma, ila mto aliutambua mara moja, na mkuyu wake pia.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nieleze, huu mstari mnene unaokata shamba langu ni nini?"

"Ni mpaka wa shamba lako, bibi."

"Mpaka! Ina maana kila asubuhi navuka mpaka na ndoo kichwani kwenda kuiba maji ya kisima changu mwenyewe?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilianza kuhisi ubaridi tumboni. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa imechorwa kama mpaka, na mpaka wa kweli, ule wa minyaa, ulikuwa umechorwa kwa nukta nukta kama njia. Kwa ramani ile shamba la bibi liliishia njiani, na sehemu ya chini pamoja na kisima imeungana na shamba la jirani yake. Jirani mwenyewe alikuwapo. Alisogea, akatazama, akasema, "Bwana mpima, mpaka wetu sisi ni minyaa. Hii ni njia." Mpaka leo hufikiri ingekuwaje kama jirani yule angekuwa mtu wa namna nyingine, au kama bibi angekuwa amelazwa hospitali juma lile.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna namba hata moja iliyokuwa na kosa. Kila nukta ilipimwa sawasawa. Kilichobadilika ni maneno mawili tu katika kamusi. Kuyarudisha kulinichukua dakika mbili, na kuchapisha ramani mpya na kuirudisha kijijini kulituchukua siku tatu pamoja na mafuta ya gari. Mzee hakunigombeza. Aliniagiza tu nisome faili lote kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya wenzangu, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Basi kosa langu lilikuwa la mkono wangu. Lakini kuna makosa mengine ambayo lahajedwali huyafanya lenyewe bila kuuliza, kwa nia njema ya kukusaidia, nayo ni magumu zaidi kuyaona.

Liko la sifuri za mbele. Ofisi nyingine hutumia misimbo ya tarakimu, kama 007 kwa mti na 012 kwa nguzo. Ukilifungua faili kwa kulibonyeza mara mbili, lahajedwali husema moyoni "hizi ni namba", na 007 inakuwa 7. Ukihifadhi, sifuri zimekwenda. Shambani mpima ameandika 007, kamusi inajua 7 tu, na miti yote inatupwa katika tabaka la vitu visivyojulikana. Liko la tarehe. Sisi tulirithi misimbo ya Kiingereza, na mmojawapo ni DEC, yaani mti unaopukutisha majani. Wapima huongeza tarakimu nyuma kutofautisha mti na mti au mstari na mstari. DEC1 ikiingia katika lahajedwali hugeuka kuwa tarehe mosi Desemba. Hata namba ya kitalu na kiwanja ikiandikwa 12/5 yaweza kugeuzwa tarehe. Tena msimbo kama 1E3 huchukuliwa kuwa ni hesabu ya wanasayansi, moja mara kumi kwa kipeo cha tatu, ukageuzwa 1000.

Msidhani ni sisi wapima tu tunaoumia. Wataalamu wa chembe za urithi walikuwa na majina kama MARCH1 na SEPT1, na lahajedwali likawa linayageuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Mwaka 2016 wachunguzi wa Australia walionyesha kwamba karibu makala moja katika kila tano zilizoambatanishwa na orodha za namna hiyo za Excel ilikuwa na makosa hayo. Mwaka 2020 wenye mamlaka ya kutoa majina waliamua kuyabadilisha majina yenyewe, MARCH1 ikaitwa MARCHF1. Wenye lahajedwali nao waliongeza njia ya kuizima desturi hiyo mwaka 2023. Na huko Uingereza, mwaka huo wa 2020, majina ya wagonjwa wa korona 15,841 yalichelewa kuingizwa katika hesabu kwa sababu faili la namna ya zamani lilikuwa na nafasi ya mistari 65,536 tu, na iliyozidi ikaachwa nje.

Dawa yake ni rahisi. Usilifungue faili la misimbo kwa kulibonyeza mara mbili. Fungua kwanza ukurasa mtupu wa lahajedwali, kisha uingie katika orodha ya Data na uliite faili kutoka huko. Litakuuliza maneno yametenganishwa na nini, ulijibu kwamba ni mkato. Halafu liambie kila safu ni ya aina gani. Hapo chagua Text kwa safu zote, yaani maandishi matupu, hata zile zinazoonekana kama namba. Kwa kusema hivyo umeliambia: usikisie kitu, niachie kama nilivyoandika.

Kabla ya hapo, lakini, weka nakala ya faili la asili mahali pengine, uliandike tarehe, wala usiliguse tena. Tena hakikisha kwamba faili lako ni la maandishi yaliyotengwa kwa mikato, liitwalo CSV. Si programu zote zinazohifadhi misimbo hivyo. Faili la FXL la kampuni ya Trimble, kwa mfano, limeandikwa kwa XML, ambayo ni maandishi yenye alama za kufungua na kufunga zilizoingiliana kama vikapu ndani ya vikapu. Hilo halifai kupasuliwa kwa lahajedwali. Kuna chombo chake.

Ukiwa ndani, raha ya lahajedwali ndiyo hiyo niliyoisema. Tabaka moja laweza kubadilishwa katika mistari yote kwa pigo moja. Nafasi tupu zilizojificha nyuma ya herufi, ambazo jicho haliwezi kuziona na ambazo huifanya "NJM" na "NJM " kuwa vitu viwili, huondolewa kwa kanuni TRIM. Msimbo ulioandikwa mara mbili hugunduliwa kwa COUNTIF: iambie ihesabu msimbo huu umo mara ngapi katika safu, na popote inapojibu 2 pana ugomvi, maana programu haiwezi kujua ni upi unaokusudiwa. Walakini COUNTIF haitofautishi 007 na 7, wala herufi kubwa na ndogo. Kwa misimbo ya tarakimu nilinganishe kwa EXACT, ambayo haina huruma.

Mimi hupenda zaidi kuitumia COUNTIF kwa upande wa pili, yaani kulikagua faili la shambani. Mtu aliyesimama juani saa saba mchana huandika NMJ badala ya NJM. Naweka nukta zote katika ukurasa mmoja na kamusi katika ukurasa wa pili, kisha naiuliza kila nukta: msimbo wako umo katika kamusi mara ngapi? Yote yanayojibu sifuri ni ya kuchunguzwa. Katika nukta 2,000 huenda nikapata 15 za namna hiyo, na kabla ya jua kuchwa nampigia simu aliyepima, angali anakumbuka alikuwa amesimama wapi. Kwa kazi hii safu za namba ziachwe zilivyo. Ukiiambia Excel ionyeshe tarakimu moja tu baada ya nukta, kisha ukahifadhi kwa CSV, itaandika hiyo moja iliyoonekana, na 352418.207 itakuwa 352418.2. Sentimita zako umezitupa mwenyewe.

Kuhifadhi nako kuna mambo yake. CSV huhifadhi ukurasa mmoja tu, ule ulio mbele yako. Rangi na kanuni zote hupotea, hubaki majibu. Maelezo yasiwe na mkato ndani yake. Ukiandika "Mti, mwembe", lahajedwali litayafunga katika alama za kunukuu, na programu nyingine za upimaji hazizielewi alama hizo, zitaona safu moja imezidi. Andika "Mti wa mwembe". Na ukichagua ile CSV iitwayo UTF-8, Excel huweka mwanzoni mwa faili alama isiyoonekana. Programu isiyoijua alama hiyo huiunganisha na msimbo wa kwanza, basi msimbo wa kwanza peke yake hukataa kufanya kazi, na wewe unautazama na huoni kosa lolote. Niliwahi kuupoteza mchana mzima kwa jambo hilo.

Ukisha kuhifadhi, usilitazame faili kwa lahajedwali tena, kwa maana litakuonyesha 7 hata kama umehifadhi 007 sawasawa, na ukihifadhi kwa mara ya pili umeiharibu kweli. Lifungue kwa kile chombo kidogo cha kuandikia maandishi, Notepad, ambacho hakina akili yoyote ya kukisia. Humo utaona herufi kama zilivyo.

Mwisho kabisa huja shamba la majaribio, na hili ndilo tuliloongeza ofisini baada ya mambo ya yule bibi. Kwa lahajedwali lenyewe tunatengeneza faili la nukta za uongo: nukta mbili kwa kila msimbo, zimepishana mita tano, mstari chini ya mstari, kama darasa limepangwa gwaride. Tunaliingiza katika programu pamoja na kamusi mpya, kisha tunachapa karatasi moja. Watu wawili wanaisoma. Mmoja anataja msimbo, mwingine anasema anachokiona. "NJM." "Nukta nukta." "MPN." "Mstari mweusi mnene." Ni kazi ya robo saa. Karatasi hiyo hutiwa sahihi na kubandikwa ukutani, na kamusi mpya hairuhusiwi kutumika kabla yake.

Mwalimu wa Jiografia amekubali tulijaribu jambo hili hapo shuleni muhula ujao. Kidato cha Tatu watapima uwanja kuanzia lango mpaka jikoni kwa futi kamba ya mita 30, wakipima kila kitu kutoka kona mbili za jengo la utawala, nao watajitungia misimbo yao wasiozidi ishirini. Nimewaomba wasitumie DEC. Mti uliopo mbele ya bweni la wasichana utaitwa 007, makusudi, tuone ni kundi gani litakaloufikisha salama katika ramani.

Mwanafunzi wa zamani